Mgonjwa wa figo anapoumwa kifua: mfuko wa moyo ukivimba unatibiwaje?

Haya wadau, leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Wiki iliyopita mdau mmoja aliuliza kwenye maoni hapa: mama yake anasafishwa damu kwa mashine, sasa madaktari wamesema ana "maji kwenye moyo", afanyeje? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema amchemshie tangawizi. Mwingine akasema huyo karogwa. Wa tatu akaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni kawaida, ampe diklofenaki alale, asubuhi atakuwa fiti.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako niandike, maana diklofenaki ilikaribia kututoa mtu nyumbani kwetu.

Kabla sijaendelea niseme wazi, mimi sio daktari. Nimemaliza form four, basi. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukaa benchi la wodi na baba mdogo mwaka 2022, kwa kuuliza maswali mpaka masista wakanichoka, halafu kwa kusoma mwenyewe usiku baada ya usiku. Kama upo kafe na dakika zinayoyoma, shuka moja kwa moja mpaka kwenye DALILI, halafu urudi huku juu siku nyingine.

MFUKO WENYEWE

Moyo haukuachwa hivi hivi kifuani. Umevikwa mfuko mwembamba wenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo kuna maji kidogo sana, kama mililita 15 mpaka 50 hivi. Ni vijiko vichache tu vya chakula. Kazi yake ni kama oili kwenye injini. Moyo wa mtu mzima unapiga kama mara laki moja kwa siku, kwa hiyo bila kilainishi ungejisugua mpaka ukachubuka.

Mfuko huo ukipata uvimbe wa ndani (uvimbe wa kuwaka kama kidonda, sio uvimbe wa jipu) madaktari wanaita perikadaitisi. Kuta zinakuwa na ukakasi, zinasuguana, na mara nyingi maji yanaanza kujaa katikati. Daktari akiweka kile kifaa cha kusikilizia anaweza kusikia mkwaruzo, kama msasa juu ya mbao. Baba mdogo alisikilizwa na wanafunzi wa udaktari sita siku moja, kila mmoja anataka kuusikia huo mkwaruzo. Alichukia kweli kweli.

Kwamba figo na mfuko wa moyo vina uhusiano sio habari mpya. Daktari wa Uingereza anayeitwa Richard Bright, wa hospitali ya Guy's pale London, aliandika jambo hilo mwaka 1836. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake, daktari akisikia ule mkwaruzo kwa mgonjwa wa figo alijua tu kwamba kaburi limekaribia, maana hakukuwa na cha kufanya. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1943, Willem Kolff wa Uholanzi alipotengeneza mashine ya kusafisha damu katikati ya vita ya pili ya dunia. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, akabuni mrija unaobaki mkononi ili mtu asafishwe damu kila wiki kwa miaka, sio mara moja moja tu. Kwa hiyo msikubali mtu akiwaambia ugonjwa huu hauna dawa. Una tiba, na tiba kubwa ni mashine yenyewe.

KWANINI FIGO ZIKIGOMA, MOYO NDIO UNAUMIA?

Figo ni chujio. Zikishindwa kazi, uchafu ambao ungetoka na mkojo unabaki kwenye damu: yurea, kreatinini na vitu vingine kibao. Maji na chumvi pia vinabaki. Katika mchanganyiko huo kuna kitu kinachochoma mfuko wa moyo. Ni kitu gani hasa katika hivyo vyote? Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mpaka leo. Mara nyingi yurea inakutwa imepita 21 kwenye kile kipimo cha milimoli, lakini wapo walio juu zaidi ya hapo na moyo wao mzima, na wapo walio karibu na hapo wanaugulia.

Ila kuna jambo moja la kulishika, kwa sababu tiba inategemea hapo. Wagonjwa hawa wapo wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni ambao hawajaanza kusafishwa damu, au wameanza na hawajamaliza wiki 8. Hawa sumu imewajaa kweli. Kundi la pili wamekuwa kwenye mashine zaidi ya wiki 8, tena walikuwa wanaendelea vizuri, halafu ghafla kifua. Hawa mara nyingi usafishaji wao hautoshi: wanaruka siku, wanatolewa kwenye mashine kabla ya muda, mshipa au mpira wa kupitishia damu umeziba nusu, au maji mwilini yamezidi. Lakini pia kwa hawa inaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa, kama virusi, lupasi au kifua kikuu. Nitarudi kwenye kifua kikuu.

Baba mdogo alikuwa kundi la pili, na sababu naijua kwa sababu nilishiriki. Alikuwa anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kila mara. Bima ikaisha. Tukakaa kikao cha ukoo pale Mbagala, na mimi nikapewa kalamu na daftari kwa kuwa ndio nimesoma. Nikapiga hesabu. Nikawaambia wazee tukipunguza mpaka mara mbili kwa wiki, hela ya michango inafika miezi mitano. Wote wakanipongeza. Baada ya muda mara mbili ikawa mara moja na nusu, yaani wiki hii mara mbili, wiki ijayo mara moja. Hakuna aliyemuuliza daktari. Baba mdogo mwenyewe alisema "mwanangu, mbona najisikia vizuri tu", na sisi tulitaka sana kumwamini.

Wiki ya saba kifua kikaanza.

DALILI

Maumivu ya ugonjwa huu yana tabia yake. Yanakaa katikati ya kifua au upande wa kushoto, yanachoma kama kisu, na wakati mwingine yanapanda mpaka begani. Yanazidi mtu akivuta pumzi kwa nguvu na akilala chali. Yanapungua akikaa na kuinama mbele. Hapo ndipo pa kushtukia! Baba mdogo aliacha kitanda. Akawa analala kwenye kochi amekaa, kakumbatia mto, kainamia meza ndogo. Mama mdogo akadhani ni joto la Februari. Mimi nikadhani ni mapafu. Usiku nne mfululizo tunapita hapo sebuleni tunamwona, tunasema pole, tunaenda kulala.

Dalili nyingine ni homa, uchovu usioeleweka, kukosa pumzi na kikohozi kikavu. Na kuna moja ambayo watu wa kitengo cha kusafisha damu wanaijua vizuri: mgonjwa ambaye siku zote presha yake ipo juu, ghafla anaanza kushuka presha akiwa kwenye mashine. Mara ya kwanza wanaweza kudhani wamemtoa maji mengi. Ikijirudia bila sababu, mtaje moyo mbele ya daktari hata kama hakuna aliyekuuliza.

Sasa sikilizeni huu mtego. Kuna wagonjwa hawaumwi kifua hata kidogo. Na kuna kingine kibaya zaidi, kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kutoka safi. Kwa perikadaitisi ya mtu mwenye figo nzima mara nyingi karatasi ile inaonyesha mabadiliko, kwa sababu uvimbe unagusa nyama ya moyo. Kwa mgonjwa wa figo uvimbe mara nyingi unabaki kwenye mfuko tu, nyama haijaguswa, basi mistari inachorwa vizuri kama ya mtu mzima. Kituo cha kwanza tulichompeleka baba mdogo walifanya kipimo hicho, wakatuambia moyo hauna neno, ni gesi na uchovu. Wakamchoma sindano ya diklofenaki, wakatupa na vidonge vya siku tano. Tukarudi na daladala tunacheka.

Maumivu yalipungua kweli. Ndio ubaya wenyewe. Siku mbili akalala kitandani, sisi tukaona kapona, na ile Ijumaa ya mashine tukairuka tena.

Ongezeni na hili: kifua cha mgonjwa wa figo kinaweza kuuma kwa sababu nyingine za hatari, kama mshipa wa moyo kuziba, nimonia au damu kuganda kwenye mapafu. Huwezi kuzitofautisha sebuleni. Mimi nimesoma yote haya na bado nisingeweza.

MOYO UKIBANWA

Hapa ndipo watu wanapofia. Ule mfuko sio puto. Hauvutiki haraka. Maji yakijaa pole pole kwa wiki nyingi yanaweza kufika lita moja na zaidi na mtu bado anatembea, lakini yakiingia kwa kasi hata mililita 200 zinatosha kuubana moyo ushindwe kujaa damu. Ukishindwa kujaa, hauna cha kusukuma. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Claude Beck, mwaka 1935 alieleza ishara tatu ambazo hadi sasa zinafundishwa vyuoni: presha kushuka, mishipa ya shingo kutuna, na mapigo ya moyo kusikika kwa mbali kama yanatoka chumba cha pili. Wewe wa nyumbani angalia shingo, jasho la baridi, kuhema juu juu, kuchanganya maneno.

Usijipe matumaini kwa kuhesabu mapigo. Kwa mtu wa kawaida moyo ukibanwa unakimbia sana. Kwa mgonjwa wa figo, neva zinazoendesha mwendo wa moyo zinaweza kuwa zimeharibika, basi mapigo yanabaki ya kawaida huku hali ni mbaya.

KIPIMO CHA KUDAI

Kipimo chenyewe ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Haiumi, haichomi, inachukua nusu saa hivi. Inaonyesha maji yapo kiasi gani, yamekaa wapi, na kama moyo umeanza kubanwa. Picha ya eksirei inasaidia kidogo, moyo unaonekana mkubwa wa duara kama mtungi, ila kwa maji machache haionyeshi kitu. Kwa hapa Bongo taasisi kubwa ya moyo ni ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, lakini siku hizi eko zipo pia kwenye hospitali nyingi kubwa za mikoani. Ulizia kwanza karibu na ulipo, msimpakie mgonjwa basi la usiku bila sababu.

Halafu kifua kikuu. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, TB ndiyo inayoongoza kwa kusababisha maji kwenye mfuko wa moyo, na mgonjwa wa figo kinga yake ipo chini, TB inampata kirahisi. Kwa hiyo daktari wa huku akiona maji hatakiwi kusema tu "ni figo hizo" akafunga faili. Atauliza kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, atapima VVU, na maji yakitolewa yanapelekwa maabara. Ikiwa ni TB, mashine peke yake haitaponya, lazima dawa za TB za miezi sita, na kuna baadhi ya dawa hizo ambazo zinapangwa upya kwa mtu asiye na figo. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi 8 za Afrika, ukiongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini na kutolewa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 1,400 wa TB ya mfuko wa moyo ili kuona kama prednisoloni inasaidia. Kwa ujumla haikupunguza vifo. Ilipunguza mfuko kukakamaa baadaye, lakini kwa wenye VVU ilileta kansa zaidi. Naitaja hii kwa sababu prednisoloni inauzwa mtaani kama pipi na kila mtu anaisifia.

MATIBABU

Tiba ya kwanza ni kusafisha damu. Ambaye hajaanza, anaanzishwa. Ambaye ameshaanza, anaongezewa, mara nyingi kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Ndiyo, kila siku. Nilivyoambiwa hivyo nilikaa chini palepale koridoni, maana hesabu zangu zote za daftari zilikuwa za kupunguza. Wale wa kundi la kwanza wengi wanapona vizuri kwa njia hii, maumivu yanaisha ndani ya wiki moja au mbili na maji yanapungua yenyewe. Wa kundi la pili matokeo yao sio mazuri hivyo, wapo wanaohitaji zaidi ya mashine.

Kuna jambo ndani ya usafishaji huo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa alijue, nalo ni heparini. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine inataka kuganda, kwa hiyo kawaida wanaweka heparini kuizuia. Sasa mfuko wa moyo uliovimba una vimishipa vipya vidogo, laini, vinavyovuja kirahisi. Ukimpa heparini vinaweza kutoa damu ndani ya mfuko, na damu hiyo ndiyo ya kasi, ndiyo inayobana moyo. Kwa hiyo mgonjwa mwenye perikadaitisi husafishwa bila heparini. Masista wanasuuza mipira kwa maji ya chumvi kila baada ya dakika 15 mpaka 30 na wanaendesha damu kwa kasi zaidi isigande. Ni kazi, sista hakai chini. Zamu zinabadilika, faili zinachelewa, kwa hiyo si vibaya ndugu kusema kwa heshima kabla mashine haijawashwa: "Sista, samahani, huyu ana maji kwenye moyo, leo anawekewa heparini?" Mimi niliuliza kila siku. Siku ya tatu sista akanicheka, akasema "mdogo wangu, umeshakuwa mwenzetu". Waambieni pia kama mgonjwa anatumia aspirini, wafarini au dawa nyingine ya kulainisha damu.

Jambo la pili ni kasi ya kutoa maji. Watu wanadhani kwa kuwa ni maji, basi yakamuliwe yote leo. Hapana. Moyo uliobanwa unategemea damu ya kutosha kurudi ili uweze kujaa, ukimkausha mtu ghafla presha inaanguka kabisa. Ndio maana wanatoa kidogo kidogo huku wanapima. Pia mashine ya kila siku inaondoa hata vizuri: potasiamu na fosfeti vinaweza kushuka kupita kiasi, hivyo damu inapimwa mara kwa mara. Mkiona mgonjwa anatolewa damu ya vipimo kila kukicha msigombane na maabara.

Sasa dawa. Kwa mtu mwenye figo nzima, perikadaitisi inatibiwa kwa ibuprofeni au aspirini pamoja na kolchisini. Ukitafuta mtandaoni hicho ndicho utakachokutana nacho kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mgonjwa wetu sio huyo. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo akavuja damu, na mgonjwa wa figo anavuja damu kirahisi kuliko wewe. Kama bado anakojoa kidogo, zinaweza kumalizia hako kamkojo. Tena kwa ugonjwa huu hazisaidii sana, zinazima maumivu tu wakati sumu ipo palepale. Kolchisini nayo sehemu yake inatoka kwa figo, na mashine ya kusafisha damu haiitoi. Inajikusanya, inaharibu misuli, neva na uboho wa kutengeneza damu. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2015 ulisema isitumike kwa wenye figo zilizoharibika vibaya. Diklofenaki na steroidi daktari anaweza kuzifikiria kama mashine imegonga mwamba, lakini hiyo ni kazi yake na vipimo mkononi, sio ya muuza duka la dawa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ndiyo salama zaidi, na bado ulizeni dozi.

Maji yakikataa kushuka baada ya wiki mbili hivi, au moyo ukianza kubanwa hata kama ni siku ya kwanza, yanatolewa kwa sindano ndefu inayoingizwa chini ya mfupa wa kifua huku wanaangalia kwenye eko. Mara nyingi wanaacha mrija mwembamba uendelee kuchuruzisha. Yakirudi tena, daktari wa upasuaji anaweza kukata kidirisha kwenye mfuko. Na mfuko ukikakamaa kama ngozi ya ngoma, unaondolewa kwa operesheni kubwa. Huko hatukufika, namshukuru Mungu.

ILIVYOKUWA KWETU

Jumapili usiku baba mdogo alianza kuongea vitu havieleweki. Tulifika hospitali kubwa saa saba usiku, presha 80 kwa 50, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Daktari kijana, nadhani hakunizidi miaka kumi, alimsikiliza, akaweka eko palepale kitandani, akaniuliza mara ya mwisho kusafishwa ni lini. Nikasema siku kumi na moja zilizopita. Akaniuliza dawa anazotumia. Nikamtolea vidonge vya diklofenaki mfukoni. Hakunifokea. Aliviangalia tu, akaviweka mezani.

Walimtoa mililita 700 usiku ule ule. Yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Asubuhi akaanza mashine bila heparini, siku 12 mfululizo. Vipimo vya TB vikatoka safi. Usiku wa tatu mama mdogo alinipigia simu analia, nikajua yameisha. Kumbe alikuwa ananiambia baba mdogo amelala chali.

Gharama za siku hizo 12, pamoja na wodi na eko, zilizidi kile tulichookoa kwa kuruka mashine wiki saba. Nilipiga hesabu mara tatu kwenye lile lile daftari nikidhani nimekosea.

KWA MWENYE MGONJWA SASA HIVI

Hela zikikata, msikae kikao kama chetu. Nendeni kwanza kitengo cha kusafisha damu mseme ukweli. Hospitali za serikali zina maafisa ustawi wa jamii, na kuna utaratibu wa msamaha kwa asiyejiweza, ingawa foleni yake inahitaji roho ngumu na barua ya serikali ya mtaa. Ikibidi kupunguza, daktari ndiye aseme apunguze vipi na ni kwa muda gani, maana mwenye mkojo kidogo uliobaki sio sawa na asiyekojoa kabisa. Wadau wa Kenya mnajua NHIF ilikuwa inalipia mara mbili kwa wiki kabla SHA haijachukua nafasi yake Oktoba 2024. Kama kuna aliyepitia mfumo mpya atueleze hapo chini, nitaongeza kwenye makala. Kupandikiza figo nako kunawezekana nyumbani, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, lakini huo ni mjadala wa siku yake.

Nyumbani kazi ni maji na chumvi. Wagonjwa wengi wanaambiwa wanywe kama nusu lita kwa siku, jumlisha kiasi wanachokojoa, na supu, chai na uji vyote vinahesabika, hata tikiti maji. Baba mdogo alikuwa anahesabu maji ya kunywa tu, kisha anapiga bakuli mbili za supu ya pweza. Nunueni mizani. Uzito ukipanda haraka kati ya mashine na mashine, hayo ni maji, hajanenepa.

Na wewe mdau uliyeuliza kuhusu mama, kesho ukifika wodini muulize daktari maji ni kiasi gani kwenye eko na eko itarudiwa lini. Muulize kama heparini imesimamishwa. Muulize kama TB imepimwa. Na hiyo diklofenaki uliyoshauriwa humu, usimpe. Kama shingo imetuna au anaongea visivyoeleweka, funga kompyuta uende sasa hivi, hela ya kafe utalipa siku nyingine.

Baba mdogo yupo. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Shamba la Mkuranga limeuzwa nusu, na bima imefufuliwa kwa jina la binti yake aliyeajiriwa mwaka jana. Bado ananiita "mhasibu" mbele za watu na bado sijui kama ananitania. Kesho Ijumaa ni zamu yangu kumsindikiza, kwa hiyo maoni yenu nitaanza kuyajibu Jumamosi mchana.